Kifaransa kilichoshika kutu: daftari, redio, darasa au jirani Mkongo?

Mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi alinipigia simu ofisini kuulizia mzigo wake wa transiti. Nikaona leo ndiyo leo. Kifaransa nilikisoma miaka minne sekondari, cheti kipo kabatini, na kazi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam inanikutanisha na Wakongo na Warundi kila wiki. Nikamwambia kwa madaha, "Je vous écoute, Maman," yaani nakusikiliza, Mama. Akanitajia idadi ya vifurushi: septante-deux. Nikaandika 702. Nilipomsomea nilichoandika kukawa kimya kidogo, halafu kikaja kicheko cha kutoka tumboni. "Papa, tuseme tu Kiswahili. Hii Kifaransa yako itatumaliza mwaka."

Alikuwa na vifurushi 72. Mimi shuleni nilifundishwa Kifaransa cha Ufaransa, ambako 72 ni soixante-douze, yaani sitini na kumi na mbili. Kongo, Burundi na Rwanda zilitawaliwa na Wabelgiji, na Wabelgiji husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Masikio yangu, yaliyolala miaka kumi na moja, yalidaka "sept", yakajiongezea "cent", yakamaliza hesabu yenyewe.

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila njia ya kukifufua. Nyingine zilinisaidia, nyingine zilinipotezea muda na bando. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliyewahi kukijua Kifaransa, hata kama ni cha kidato cha nne tu. Anayeanza sifuri ana safari nyingine, asinifuate.

Kwanza pima kilichobaki

Wengi wakitaka kurudia hufungua ukurasa wa kwanza: bonjour, je m'appelle, siku za juma. Nami nilifanya hivyo. Wiki mbili nilijifunza vitu ninavyovijua, nikachoka kabla sijafika mahali palipobomoka.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia mwenyewe majaribio ya kumbukumbu na kuyachapisha mwaka 1885, aliona kwamba hata jambo unalodhani limefutika kabisa, ukilijifunza upya linachukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1984, Mmarekani Harry Bahrick alichapisha utafiti wa watu 733 waliosoma Kihispania shuleni, wengine wakiwa wamekiacha miaka 50 nyuma. Sehemu kubwa ya kilichopotea ilipotea katika miaka mitatu hadi sita ya mwanzo. Kilichovuka hapo kilikaa miongo bila kupungua sana. Ni kama wali na ukoko: wali umeshapakuliwa ukaisha, lakini ukoko umeng'ang'ania sufuria, na ukiuloweka unabanduka.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni ukoko umebaki upande gani. Kipimo changu kilichukua nusu saa. Nilisoma habari moja ya Kifaransa mtandaoni, nikasikiliza dakika tatu za redio, kisha nikawasha kinasa sauti cha simu nikajieleza kazi yangu kwa dakika mbili. Kusoma nilielewa sehemu kubwa, hata nikajisifu. Kusikiliza nilishika majina ya nchi na ya marais. Kuhusu kuzungumza, rekodi ile ina sekunde arobaini za "euh", jina langu, na mlio wa bajaji nje.

Matokeo hayo yalinipa mwelekeo. Mtu aliyebakiwa na macho lakini amepoteza masikio na mdomo hahitaji kitabu kingine cha sarufi. Yuko pia wa kinyume chake: namjua kijana aliyekulia Bujumbura akahamia Kigoma akiwa na miaka tisa. Anakiongea vizuri tu, ila ukimwambia aandike barua, kila neno analiandika kama anavyolisikia. Huyo na mimi tukichagua njia moja, mmoja wetu anapoteza muda wake.

Daftari la zamani au programu ya simu

Nilianza na programu, ile aina inayokufundisha kama mchezo na kukuhesabia siku mfululizo. Ina raha yake. Kwenye daladala kutoka Mbagala unafanya masomo matatu kabla ya kufika mjini, na maneno yaliyolala yanaamka: clé, pluie, demain. Kila moja unalipokea kama rafiki wa bwenini uliyempoteza. Lakini nilifikisha siku sitini mfululizo na bado simu ya Lubumbashi ikiita nampa mwenzangu aipokee. Programu inakuuliza uchague jibu kati ya manne, na kwenye simu hakuna mtu anayekupa majibu manne uchague.

Daftari nililipata kwa mama, kwenye sanduku la nguo za shule, limeliwa pembeni na panya. Ndani kuna orodha ya vitenzi vinavyotumia être badala ya avoir katika wakati uliopita: aller, venir, entrer, sortir, monter, descendre, naître, mourir. Pembeni nilikuwa nimemchora mwalimu ameshika chaki. Nilipoiona picha ile, wimbo wote wa orodha ulirudi kwa sauti ya darasa zima, hata yale mapumziko tuliyokuwa tunaweka baada ya "sortir". Hakuna programu iliyonipa kitu cha namna hiyo.

Kama daftari lako lipo, kwa maoni yangu linaishinda programu kwa mbali, maana linakuonyesha ulichokijua na, kwa wino mwekundu, ulichokuwa hukijui tangu zamani. Kama halipo, tafuta kitabu cha ngazi ya A2 au B1 (kwa kipimo cha Ulaya, A1 ni ya anayeanza kabisa, hizi ni za juu yake) ukifungue katikati. Programu ipe wiki tatu za kupasha moto, kisha uiache kabla haijakugeuza mtumwa wa kuhesabu siku.

Kati ya hizo mbili kuna kadi za kumbukumbu. Anki, programu ya kadi hizo, ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, ila kwenye iPhone inalipiwa. Inakurudishia neno karibu na wakati unapotaka kulisahau. Sharti lake ni uandike kadi zako mwenyewe kutokana na maneno ya kazi yako. Zangu zina la douane (forodha), le poids brut (uzito pamoja na vifungashio), le poids net (uzito wa bidhaa peke yake), le connaissement (hati ya shehena). Na kila nomino iandike pamoja na le au la yake, usije ukabaki na neno lisilo na ngeli.

Ngazi yako iwe Kiswahili, si Kiingereza

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi bila kujua. Programu ilinifundisha Kifaransa kupitia Kiingereza. Shuleni ilikuwa vivyo hivyo. Tukawa tunapanda ukuta kwa ngazi iliyowekwa nyumba ya jirani.

Chukua sentensi "Je l'ai vu." Anayefikiri kwa Kiingereza anahangaika kwa nini kile kidude "l'" kinachosimama kwa "yeye" kimekaa kabla ya kitenzi. Mswahili hana sababu ya kuhangaika. Nilimwona: -m- imekaa kabla ya -ona. Mpangilio ni ule ule, mtenda, mtendwa, tendo. Au chukua ile sura ya kitenzi inayowatoa watu jasho, subjonctif. "Il faut que j'aille." Lazima niende. "Je veux qu'il vienne." Nataka aje. Ile -e ya mwisho katika "niende" tunaitumia tangu tunajifunza kuomba maji. Nilipoanza kuandika kadi zangu upande mmoja Kifaransa na upande wa pili Kiswahili, kanuni ambayo mwalimu aliifundisha muhula mzima ikaingia jioni moja.

Ngeli nazo zinasaidia, ingawa si kwa ukamilifu. Sisi tumezoea kwamba kitabu kikiwa kizuri kila kitu kinavaa ki-, kwa hiyo la table (meza) kuhitaji blanche (nyeupe) badala ya blanc hakutushangazi. Tofauti ni kwamba neno la Kifaransa mara nyingi halikuonyeshi sare yake usoni.

Hata maneno yenyewe kuna tuliyochota kisima kimoja. Waarabu waliwapa Wafaransa na sisi kwa njia tofauti. Sifuri na chiffre ni ndugu. Sukari na sucre, hazina na magasin, taarifa na tarif. Na douane, forodha, ile ninayoishi nayo kila siku, ni ndugu wa diwani. Divai, kwa upande wake, tuliichukua kwao moja kwa moja: du vin.

Matamshi ni nusu kwa nusu. Ile "r" ya kooni inayowashinda wengi iko karibu sana na gh ya "lugha" na "ghali". Anayetamka gh sawasawa kama watu wa pwani ameshapata nauli ya nusu safari. Lakini "u" ya Kifaransa hatuna. Weka midomo kama unataka kusema "u" ya "uji", kisha ndani ya mdomo useme "i". Ukiidharau, rue (mtaa) na roue (gurudumu) zitakuwa kitu kimoja. Mbaya zaidi kwenye kazi yangu, dessus ni juu na dessous ni chini. Mtu anayepanga shehena hawezi kuacha hilo lipite.

Redio au video

Kama ningeruhusiwa njia moja tu, ningechukua redio.

RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina kipindi cha habari cha dakika kumi kila siku kiitwacho Le Journal en français facile, kinachoeleza habari kwa maneno yaliyorahisishwa na kufafanua mambo yanayohitaji ufafanuzi. Maandishi yake yanawekwa mtandaoni. Hayo maandishi ndiyo dhahabu, kwa sababu yanakuruhusu kufanya jambo tulilolichukia shuleni na ambalo sasa naliona lina thamani kuliko yote: imla.

Ninavyofanya ni hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla watoto hawajaamka, nasikiliza habari moja tu, kama dakika moja na nusu. Mara ya kwanza nasikiliza bila kuandika. Mara ya pili nasimamisha kila sentensi naiandika kwa mkono. Kisha nafungua maandishi na kalamu nyekundu. Siku za mwanzo karatasi ilikuwa kama imechinjiwa kuku. Kosa lililonirudia zaidi ni kuandika "ils sont" palipokuwa "ils ont". Ya kwanza ni "wao ni" na ya pili "wana". Kinachozitenganisha ni sauti moja tu: s kavu katika ils sont, z laini katika ils ont. Watu waliokuwa na malori matatu mimi niliwageuza wenyewe kuwa malori matatu. Baada ya kulikosea mara saba au nane, sikio likaanza kulikamata lenyewe, na likishakamata halisahau tena.

Nikimaliza imla nairudia habari ile kwa sauti, nikimfuata msomaji nyuma kidogo kama mtu anayeitikia dua. Hapo mdomo nao unapata zoezi. Jumla ni dakika ishirini na tano.

Kwa Mswahili kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Radio Okapi ya Kongo, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. RFI nayo ina idhaa ya Kiswahili tangu 2010. Sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili, ujue nani amefanya nini wapi, halafu ndiyo uende kwenye Kifaransa. Ukishajua kisa, sikio linabaki na kazi moja tu ya kushika maneno. Na kwa Okapi unapata faida ya ziada ya kuzoea lafudhi utakayokutana nayo kweli. Habari za Paris kwa lafudhi ya Paris hazikuandai kwa simu ya Lubumbashi.

Video je? TV5Monde, televisheni ya kimataifa ya Kifaransa, ina ukurasa wa bure wa mazoezi yenye vipande vya video vilivyopangwa kwa ngazi, kuanzia A1. Ni mazuri na maswali yake hayakuchoshi. Filamu na tamthilia ni starehe zaidi kuliko somo, hasa ukiweka maandishi ya Kiingereza chini, maana hapo unajifunza Kiingereza. Weka maandishi ya Kifaransa au usiweke kabisa. Kisha kuna bando: sauti inakula kidogo, video inakula kama lori la mchanga. Mtu mwenye Wi-Fi ofisini ataliona hili jambo dogo. Anayenunua bando la siku hawezi kuliona dogo.

Darasa au mwalimu wa peke yako

Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala. Faida yake kubwa kwa anayerudia ni kupimwa kabla ya kupangwa. Nenda ukapimwe kwa uaminifu, usikubali unyenyekevu ukutupe A1. Anayejidharau hapo analipia muhula mzima kukumbushwa alfabeti.

Darasa linakupa ratiba, wenzako, na aibu ya kutofanya kazi ya nyumbani. Kwa watu wengi aibu hiyo ndiyo injini. Tatizo lake ni hesabu. Kipindi cha dakika 90 chenye wanafunzi kumi na wawili, hata mwalimu asipofungua mdomo kabisa, kila mmoja anapata dakika saba na nusu za kuzungumza. Mwalimu naye ana mdomo, kwa hiyo utapata mbili au tatu. Kwa aliyepoteza masikio hilo si baya, anasikiliza. Kwa aliyepoteza mdomo ni haba.

Mwalimu wa peke yako, wa kuonana naye au wa mtandaoni kupitia majukwaa kama italki na Preply, unamlipa kwa kipindi na unamchagua mwenyewe. Nusu saa naye inaweza kukupa dakika kumi na tano au zaidi za kuongea. Lakini inategemea mwalimu. Wa kwanza niliyempata alizungumza karibu dakika arobaini kati ya hamsini, kuhusu mbwa wake. Nilielewa vizuri sana habari za mbwa yule. Tangu hapo natuma ujumbe mapema wenye masharti matatu: nataka kuzungumza zaidi yake, anisahihishe mwishoni na si kila sentensi, na mada tuipange siku moja kabla. Ukiweza, mtafute Mkongo, Mrundi au Mkameruni. Bei mara nyingi ni nafuu, na dunia yake mnaijua wote wawili. Huna haja ya kumweleza mtu foleni ya bandarini au mgao wa umeme ni nini.

Programu za akili mnemba zinazozungumza zimeingia katikati hapa. Nazitumia usiku kufanya maigizo: wewe ni mteja, mimi ni wakala, mzigo umechelewa. Hazichoki wala hazicheki, na kwa mtu aliyechekwa kama mimi hiyo ni dawa ya wiki mbili za mwanzo. Baadaye ule upole wake unakuwa kasoro. Zinakuelewa hata unapoongea ovyo, wakati mteja hakuelewi na hakusubiri.

Kama unachotaka ni karatasi, basi mjadala unakuwa mfupi: darasa. Mtihani wa DELF, unaokupa cheti rasmi cha Ufaransa cha ngazi ya Kifaransa chako, una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, mradi usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Hilo sharti la 5 ndilo linalowaumiza waliojifunza kwa macho tu. Cheti chake hakiishi muda. Matokeo ya TCF na TEF, mitihani mingine ya Kifaransa, hudumu miaka miwili, lakini usidhani DELF ni bora kila mahali: anayeomba uhamiaji kwa serikali kuu ya Kanada, huko wanataka TEF Canada au TCF Canada, na DELF yake haitamfaa kwa maombi hayo. Namjua aliyegundua hilo akiwa ameshalipa ada.

Safari au jirani

Kila mtu atakuambia njia bora ni kwenda wanakokizungumza. Kwa Mjerumani ni kweli. Kwa Mswahili ngoja kwanza.

Nilikwenda Lubumbashi siku tisa kwa kazi, nikajiapiza sitasema Kiswahili. Hotelini nilimsalimia kijana wa mapokezi kwa Kifaransa nilichokiandaa tangu mpakani Kasumbalesa. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akanijibu, "Karibu sana, mzee. Ulitoka Tanzania?" Sokoni Kiswahili, teksi Kiswahili, chakula Kiswahili. Goma na Bukavu ni vivyo hivyo. Bujumbura ukienda Buyenzi utadhani uko Ujiji. Kigali elimu ilihamia Kiingereza kuanzia 2008, na vijana wengi watakujibu kwa hicho. Kinshasa Kiswahili hakitakufuata sana, lakini mtaani utakutana na Kilingala kabla ya Kifaransa.

Kifaransa katika miji hiyo kiko ofisini, benki, kanisani kwenye misa ya Kifaransa, chuoni, na kwenye fomu zote. Kwa hiyo safari inafaa kwa mtu atakayekaa ndani ya ofisi, si atakayezunguka sokoni. Siku zangu mbili za maana zilikuwa zile nilizokaa kwenye viti vya mbao vya ofisi ya hati nikisubiri mhuri, nikisikiliza watu wakibishana. Mzanzibari ana chaguo la Komoro, ambako Kifaransa ni lugha rasmi, ingawa Kikomoro nacho ni ndugu yetu wa karibu na kitakuvuta.

Jirani ni nafuu na, nathubutu kusema, ni bora. Dar es Salaam, Nairobi, Kigoma na Kampala zimejaa Wakongo na Warundi waliosomea Kifaransa na wanaotaka kitu fulani kutoka kwako: Kiingereza, Kiswahili sanifu cha barua za kikazi, msaada wa fomu za forodha. Badilishaneni. Mimi na fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu, aliyesomea ualimu kwao Uvira, tunakaa Jumamosi baada ya asri. Nusu saa Kifaransa, nusu saa namsaidia kuandika matangazo ya duka lake. Kanuni ni moja, nayo tuliiweka baada ya kuivunja mara nyingi: anayeingiza Kiswahili ndani ya nusu saa ile analipia chai. Mwezi wa kwanza chai yote ilikuwa yangu. Mara moja, alipokuwa akimkaripia mtoto aliyekanyaga kitambaa cha mteja, aliitoa kwa Kiswahili kitupu. Nikanywa chai ile polepole sana.

Namwita "maître" kwa utani, naye ananiita "mwanafunzi mzee". Anachonipa ambacho redio haiwezi ni uso wa mtu asiyeelewa. Nikikosea rue na roue anakunja paji la uso, na uso ule ninaukumbuka kuliko wino mwekundu.

Ukiwa na saa tatu kwa wiki

Mwenye kazi na familia hana zaidi ya hapo, tusidanganyane. Aliyebakiwa na kusoma tu, kama nilivyokuwa, azipeleke saa mbili kwenye redio na imla alfajiri tano, na saa inayobaki kwa mtu wa kuzungumza naye, jirani akipatikana, mwalimu wa mtandaoni asipopatikana. Sarufi aiguse pale tu kosa lile lile linaporudi mara tatu. Yule kijana wa Bujumbura aende darasani, aandike, asahihishwe, maana hakuna redio itakayomfundisha kwamba "ils mangent" ina herufi tatu za mwisho zisizotamkwa. Mwenye mtihani mbele yake ajiandikishe kwanza, ajue tarehe, ndipo achague vingine. Na mwenye dakika kumi tu kwa siku, bila mtu wa kuzungumza naye na bila bando, arudi kwenye daftari lake la zamani alisome kwa sauti. Si njia ya haraka, lakini imeishinda programu niliyoilipia mwaka mzima.

Mimi mwezi wa tano niliacha kuhesabu siku. Mama wa Lubumbashi alipiga tena, mzigo mwingine, na safari hii sikumpa mwenzangu simu. Vifurushi nonante-quatre. Nikaandika 94. Ili kuhakikisha nikamrudishia kwa namna niliyofundishwa shuleni: "Quatre-vingt-quatorze, Maman?" Nne mara ishirini, jumlisha kumi na nne. Akacheka tena, kicheko kile kile.

"Papa, mimi nilikuambia namba. Wewe unanifanyia hesabu."